Kumjibu Mwenye Kete Nyeupe

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa hapa Tabora. Mpinzani wangu hufungua sataranji kwa kupeleka kitunda cha mfalme e4. Nami mwenye kete nyeusi nimjibuje, ili nishambulie badala ya kujihami tu?

JIBU: Kama misafara ya kale iliyotoka Bagamoyo ilivyofika mjini kwenu ikachagua ama njia ya Ujiji ama ile ya Karagwe, ndivyo nawe, kwa hatua yako ya kwanza, utakavyoamua safari nzima, na rai yangu, bila ya kusita, ni Kinga ya Sisilia, yaani kitunda c5, kwani kitunda hicho cha ubavuni aghalabu hubadilishwa na kile cha d4, nawe ukabaki na vitunda viwili vya kati dhidi ya kimoja, na safu ya c ikawa wazi kwa ngome yako. Kwa kinga hiyo Kasparov, mwenye kete nyeusi, alimshinda Karpov mjini Moscow tarehe 9 Novemba 1985, katika mchezo wa 24, akatwaa taji la dunia.

Gambiti ya Latvia, inayosukuma kitunda f5 mapema, siipendi: humfungulia hasimu njia ya kumfikia mfalme wako.

Katika Sisilia, anza na Joka, askofu akikaa g7 na kutazama ulalo mrefu. Lakini tafadhali jifunze kwanza kustahimili hujuma ya vitunda vyeupe upande wa mfalme wako, ndipo uitumie mashindanoni.