MTOTO WAKO ATATEMBEA LINI?

Mtoto wako ana miezi 13. Bado hajatembea. Jirani anasema wa kwake alitembea akiwa na miezi 10. Je, mtoto wako ni mgonjwa?

Chukua kalamu. Tuseme watoto watano wa kijiji kimoja cha Kasulu walianza kutembea wakiwa na miezi 9, 10, 12, 14 na 15. Jumlisha, utapata 60. Gawa kwa 5, utapata 12. Hiyo 12 huitwa wastani. Sasa tazama tena. Ni mtoto mmoja tu aliyeanza akiwa na miezi 12! Wastani ni habari ya kundi zima.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi. Lilichunguza watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Wastani wa kutembea bila kushikwa ulikuwa karibu miezi 12. Lakini wengine walianza na miezi 8, na wengine karibu miezi 18.

Malezi nayo yana kazi yake. Huko Kenya, miaka ya 1970, mtaalamu mmoja aliona kwamba akina mama Wakipsigis huwafundisha watoto kukaa na kutembea, nao huanza mapema.

Basi mshike mwanao mikono, mtembeze uani. Usimcheke.

Miezi 18 ikifika hajatembea, mpeleke zahanati pamoja na kadi yake ya kliniki. Akiwa na miezi 9 hawezi kukaa, au ameacha jambo aliloliweza, usingoje miezi 18. Mpeleke mara moja.