Dar hadi Tanga kwa Hema: Panga Safari na Maji

Kabla hujauliza bei ya hema, tazama mwezi. Kuanzia Bagamoyo hadi Tanga, bahari ndiyo inayopanga ratiba ya familia. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ni ya bamvua: yanajaa sana karibu saa kumi jioni, kisha tena saa kumi alfajiri, na yanakupwa mbali saa nne au saa tano asubuhi. Siku za katikati ni maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu.

Una watoto wadogo? Chagua maji mafu. Hapo bahari inajaa majira ya saa nne asubuhi, wanaogelea jua likiwa bado linavumilika. Ukienda wakati wa bamvua, asubuhi ni ya kutembea kwenye fungu la mchanga na kuokota makombe, tena wakiwa na viatu vya mpira. Miiba ya baharini haina huruma.

Kuhusu msimu, epuka masika, Machi hadi Mei. Likizo ya Juni inafaa sana: mvua imepungua, joto limeshuka. Upepo ni wa kusi, kwa hiyo mlango wa hema usiutazamishe kusini, mtalala na mchanga mdomoni.

Njia yenyewe: Dar, Bagamoyo, Saadani, Pangani, Tanga. Siku ya kwanza ishia Bagamoyo, kama kilomita 70 tu. Watoto wanazoea gari, wewe unagundua ulichosahau ukiwa bado karibu na maduka. Jioni wapeleke Kaole wakaone magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Asubuhi jaza tangi la mafuta hapohapo, toa na fedha taslimu za kutosha. Mbele huko vituo ni vya kubahatisha.

Barabara ya pwani kuelekea Pangani imekuwa ikijengwa kwa lami kwa vipande, kwa hiyo ramani ya simu usiiamini sana. Muulize dereva aliyepita wiki hiyo. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa Saadani unanasa hata gari la juu. Kwenye mchanga, punguza upepo wa matairi kabla hujakwama, na pampu ya kurudishia iwe garini. Spea ikague nyumbani. Usiku usiendeshe: kuna ng'ombe, kuna bodaboda zisizo na taa.

Saadani ni hifadhi ya taifa iliyo ufukweni, kwa hiyo unaweza kuona twiga asubuhi na bahari mchana. Malango hayapokei fedha taslimu. Lipa kwa kadi au kwa namba ya malipo, na ukiweza maliza hilo ukiwa bado kwenye mtandao mzuri. Fika mapema ili hema lisimame jua halijazama. Kodi boti Mto Wami. Viboko na mamba wanawanyamazisha watoto kuliko katuni yoyote.

Mbung'o wapo, na wanapenda rangi nyeusi na buluu iliyokoza. Jinzi za watoto ziache kwenye begi, wavae rangi ya kaki. Vioo vya gari viwe juu. Jioni ni zamu ya mbu: mikono mirefu, dawa ya kupaka, na zipu ya hema ifungwe kabla ya magharibi. Chakula usiweke ndani ya hema, hasa matunda. Ndovu ananusa embe kwa mbali, nyani yeye haombi ruhusa.

Sasa hema. Tafuta mstari wa mwani mkavu ufukweni, hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho. Panda juu zaidi, mpaka palipo na majani yaliyoota. Kama bamvua inakaribia, ongeza nafasi, maana kila siku maji yatapanda kuliko jana, na yatakufikia ukiwa usingizini alfajiri. Kivuli kitafute chini ya mvinje au mkungu. Mnazi ni mzuri kwenye picha tu, nazi ikianguka haichagui kichwa.

Vigingi vya kawaida havishiki kwenye mchanga. Chukua viroba vinne, jaza mchanga, funga kamba ya hema katikati ya kiroba, kisha zika kwa kina cha goti. Kazi ya dakika kumi, na watoto wataipenda. Ndani tandika mkeka, na mlangoni weka beseni la maji la kusuuzia miguu. Bila beseni hilo, mchanga utakuwa kitandani, kwenye wali na masikioni.

Jikoni usijitese. Mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu, sufuria mbili, kisu kikali, limau na chumvi. Samaki nunua kwa wavuvi wanapopandisha ngalawa. Changu wa saa ile hahitaji viungo vingi. Kwa watu wanne, weka dumu la lita 20 la maji safi kwa siku, ya kunywa na kupikia. Mizigo ipange kwenye vikapu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019, na takataka zako rudi nazo.

Ukitoka Saadani, ufukwe wa Ushongo uko kusini mwa Mto Pangani. Kaa siku mbili hapo. Kisiwa cha Maziwe, mnakokwenda kwa boti, ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, kwa hiyo nahodha ndiye anayeamua saa ya kwenda na saa ya kurudi, usibishane naye. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea kabla boti haijaondoka. Ukielekea Pangani mjini, uliza mapema kuhusu kivuko cha Bweni cha kuvukia mto na saa zake.

Tanga, wapeleke watoto kwenye mapango ya Amboni mkiwa na tochi, kisha rudini Dar kwa njia ya Muheza, Segera na Chalinze. Ni kama kilomita 350, na vijiji vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni vingi. Ondoka alfajiri, na kazini omba siku moja ya ziada.