Chumba cha oksijeni: Kinavyotibu, kinavyoundwa na ya kuuliza kabla ya kulipa

Mzamiaji anayeshuka mita 30 karibu na Shimoni kusaka jongoo bahari au kamba hupanda na mzigo asiouona. Katika kina hicho shinikizo ni mara nne ya lile la ufuoni, hivyo kila pumzi anayovuta kutoka kwenye mtungi huingiza nitrojeni zaidi katika damu, mafuta na viungo vyake. Akipanda polepole, nitrojeni hiyo hutoka kupitia mapafu. Akipanda kwa pupa, mwili wake huwa kama soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Viputo hufumuka ndani ya damu na nyama.

Kwa kawaida dalili huanza ndani ya saa chache: maumivu ya bega au kiwiko, vipele, kizunguzungu, ganzi, miguu kukosa nguvu, wakati mwingine mkojo kukataa kutoka. Wapo wanaodhani ni uchovu wa kazi au baridi, wakamkanda mgonjwa mafuta na kumwacha alale. Mwenye viputo kwenye uti wa mgongo anaweza kuamka akiwa amepooza.

Tiba ya maradhi haya ni kumrudisha mgonjwa katika shinikizo la juu, akiwa nchi kavu, ndani ya chumba cha chuma au plastiki ngumu huku akivuta oksijeni tupu. Shinikizo hubana viputo vikawa vidogo, nayo oksijeni husaidia kuifukuza nitrojeni. Waliougua kwa wingi hapo mwanzo walikuwa vibarua waliojenga madaraja na mahandaki chini ya mito wakipumua hewa iliyoshindiliwa. Karibu mwaka 1890, mhandisi Ernest Moir alikuta vibarua wa handaki la mto Hudson, New York, wakifa ovyo. Akatengeneza chumba cha kuwarudisha katika shinikizo kila walipougua, na vifo vikapungua mno.

Lakini chumba hiki hakiwatibu wazamiaji pekee. Hewa ya kawaida ina asilimia 21 ya oksijeni, na kwa mtu mwenye afya chembe nyekundu za damu huwa tayari zimebeba karibu oksijeni yote zinayoweza kubeba. Kumvika barakoa ya oksijeni hakuziongezei mengi. Nafasi iliyobaki iko katika majimaji ya damu, ambayo kwa kawaida huyeyusha takriban mililita 0.3 tu za oksijeni katika kila mililita 100 za damu. Mtu akivuta oksijeni tupu katika shinikizo mara tatu ya kawaida, kiasi hicho hufika karibu mililita 6, na hiyo inatosha mwili uliotulia hata bila chembe nyekundu. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji Ite Boerema, wa Amsterdam nchini Uholanzi, alionyesha hivyo kwa nguruwe. Aliwaondolea karibu chembe zote nyekundu, nao wakaendelea kuishi ndani ya chumba hadi waliporudishiwa damu.

Ndiyo sababu tiba hii hutumika kwa mtu aliyelala na jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa. Moshi wa kaboni monoksaidi hung'ang'ania chembe nyekundu na kuzuia oksijeni. Akipumua hewa ya kawaida, nusu ya sumu hiyo huchukua saa nne au zaidi kutoka. Kwa oksijeni ya barakoa ni kama saa moja na nusu, na ndani ya chumba chenye shinikizo mara tatu ni chini ya nusu saa. Hutumika pia kwa baadhi ya vidonda sugu vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, na kwa mifupa au nyama iliyoharibiwa na miale ya kutibu saratani. Hapo mgonjwa huingia kwa takriban dakika 90, kwa kawaida siku tano kwa wiki, hadi mara 30 au 40. Haiondoi haja ya kusafisha kidonda, kudhibiti sukari na kutumia dawa.

Kuna vyumba vya aina mbili. Cha mtu mmoja ni bomba pana la plastiki angavu iitwayo akriliki, nalo hujazwa oksijeni tupu. Cha watu wengi ni tangi la chuma lenye viti au vitanda. Hilo hujazwa hewa ya kawaida, na kila mgonjwa huvuta oksijeni kwa barakoa au kofia ya plastiki huku muuguzi akiwa naye ndani.

Tangi hutengenezwa kwa bamba nene la chuma linalokunjwa likawa duara, kisha likachomelewa na kuzibwa miisho kwa vipande vilivyobinuka, maana umbo la mviringo hugawanya nguvu sawasawa na ukuta bapa ungefura. Maungio hupigwa eksirei ili ufa uliojificha uonekane. Baadaye tangi hujazwa maji na kushindiliwa kupita kiwango litakachotumika. Maji huchaguliwa kwa sababu hayabanwi kama hewa: tangi likipasuka, yanavuja tu, ilhali hewa ingelipuka kama bomu. Si tahadhari ya kupita kiasi, kwani katika shinikizo mara 2.4 ya kawaida, mlango wa mita moja ya mraba husukumwa kwa uzito wa zaidi ya tani 14. Milango mingi hufunguka kwa ndani, ili shinikizo lenyewe liukaze. Madirisha ni ya akriliki nene yenye umri maalumu wa matumizi, na kuyafuta kwa spiriti ni kuyatia nyufa.

Hatari kubwa zaidi ni moto. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila huifanya nguo, nywele na mafuta ya kujipaka kuwaka kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1997 watu 11 waliteketea ndani ya chumba cha hospitali moja mjini Milan, Italia. Januari 2025 mvulana wa miaka mitano alifariki katika chumba cha kituo kimoja cha jimbo la Michigan, Marekani. Kwa hiyo mgonjwa huvaa pamba tupu na kuacha nje simu, kiberiti, saa ya betri na mafuta ya nywele. Kituo kinachokuruhusu kuingia na simu ni cha kukimbia.

Chumba hiki pia kimewahi kuuzwa kama tiba ya kila kitu. Mwaka 1928 daktari Orval Cunningham alijengewa mjini Cleveland, Marekani, tufe la chuma la ghorofa tano, ambamo alitibu kisukari, saratani na kaswende kwa hewa iliyoshindiliwa. Chama cha madaktari cha nchi hiyo kilimdai ushahidi, hakuutoa, na hatimaye tufe likauzwa kama vyuma chakavu. Leo wapo wanaotangaza mifuko laini ya kujazwa hewa kwa ajili ya usonji, saratani na kurudisha ujana. Mifuko hiyo kwa kawaida hufikia shinikizo mara 1.3 tu. Taasisi ya FDA, inayosimamia dawa na vifaa vya tiba Marekani, imeonya kwamba haijaidhinisha chumba cha oksijeni kwa saratani wala usonji.

Mkazi aliyeambiwa alipie tiba hii na aulize: Ni ugonjwa gani unaotibiwa? Shinikizo ni mara ngapi, na kwa vikao vingapi? Nani atakayekuwa kwenye mitambo muda wote? Je, kituo kina leseni ya KMPDC? Mwenye pafu lililotoboka lisilotibiwa haruhusiwi kuingia kabisa. Mwenye kisukari hupimwa sukari kabla, kwa kuwa inaweza kushuka akiwa ndani.

Kwa mzamiaji aliyeugua, mlaze chali, mpe oksijeni tupu ikiwepo chomboni, na maji ya kunywa ikiwa yuko macho na hatapiki. Piga simu ya ambulensi ya Msalaba Mwekundu, 1199. Asirudi majini kujitibu kwa mtungi. Asipelekwe Nairobi kwa basi au SGR bila ushauri wa daktari, kwani huko ni takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na viputo hutanuka. Hata mzima anashauriwa kungoja angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, au saa 18 akizamia mara kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Andika alishuka kina gani, kwa muda gani na alipanda saa ngapi, karatasi hiyo iende naye hospitalini. Aliyezamia pamoja naye aende pia, hata kama hasikii maumivu.