JE, UNAIJUA SIKU YA MWISHO?

Kijana wa Mwananyamala, hebu soma hii wakati unangoja daladala hapo Komakoma. Mara ngapi umesikia, "Dunia inaisha mwaka fulani"? Ukacheka, au ukaogopa kimoyomoyo. Leo tuone Neno linasemaje.

Fungua Mathayo 24. Mstari wa 36: siku ile hakuna aijuaye, hata malaika, ila Baba peke yake. Mstari wa 14: kwanza Injili ihubiriwe kwa mataifa yote. Basi, siku tumefichwa, lakini kazi tumepewa!

Sasa tazama mwaka 1844. Kule Marekani wafuasi wa William Miller walipiga hesabu za kitabu cha Danieli, wakapata tarehe 22 Oktoba. Maelfu wakangoja. Kukapambazuka, Bwana hakuja. Wakalia.

Mwaka huohuo mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa. Mwezi Juni akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwezi Julai homa ikamwua mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Akawazika, akarudi kwenye kazi. Unabii ni uleule. Wale walishika tarehe, huyu alishika kalamu. Je, nani aliuelewa?

Usiseme ni mambo ya zamani. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia waliteketea kwa moto katika kundi lililotangaza mwisho wa dunia. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, watu walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Ikafukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo.

Kwa hiyo shika haya:

1. Mhubiri akikutajia tarehe, mkimbie. Anadai kujua asichojua malaika.

2. Akikwambia acha shule, acha kazi, acha kula, mkimbie. Paulo aliwaambia Wathesalonike wafanye kazi kwa utulivu (2 Thes. 3:12).

3. Lakini usidharau unabii. Siku ya dunia huijui, na ya kwako je? Pita hospitali yetu ya Mwananyamala. Si wote walioingia jana watatoka, na wengine ni rika lako.

Kuwa tayari si kukodolea macho mawinguni. Ni kupatana na Mungu leo, kisha kesho uamke ukafanye kazi yako. Huhitaji maneno makubwa. Hapo ulipo mwambie tu: Bwana Yesu, siijui siku, lakini nataka unikute nikiwa wako. Nisamehe, nipokee. Amina.