Pikipiki Huangusha Hata Ikienda Polepole

Watu wengi hudhani ya kuwa hatari ya pikipiki ni mbio peke yake, na ya kuwa aendaye mwendo wa mtu wa miguu hana la kuogopa. Sisi nasi tulidhani hivyo miaka mingi. Twawaandikia wasomaji wetu habari hii kwa aibu kidogo, maana aliyekosa ni sisi, na aliyeumia zaidi ni mwingine.

Siku hiyo tulitoka Bunda asubuhi, tumempakia mjomba wetu, mzee wa Butiama, aliyekuwa amekwenda kuwaona wajukuu zake. Barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari ina malori na mabasi mengi, nasi twaijua vema. Tulishika upande wetu wa kushoto, tukapunguza mwendo penye vijiji, na kule Makutano tukaiacha barabara kuu, tukashika njia ya Butiama. Mzee hakuwa na neno ila kutusifu.

Tulipofika madukani tukawakuta wazee wenzake. Si adabu kumwamkia mzee hali umefunika uso. Basi tukavua kofia ngumu, tukaitundika kwenye sukani. Mjomba hakuivua yake. Kutoka pale mpaka mlangoni kwake zilibaki hatua kama mia mbili, tukaona hapana haja ya kuivaa tena. Sheria ya nchi yamtaka mpanda pikipiki avae kofia, wala haikusema ya kuwa ivuliwe nyumba ikionekana.

Mbele ya nyumba ya mjomba pana mteremko wenye changarawe. Tulitaka kugeuza upande wa kulia ili pikipiki ielekee njiani, na mzee angali ameketi nyuma yetu. Katikati ya kugeuka tukaiona inalala kupita kiasi, tukatoa mguu wa kulia tukanyage chini. Mguu haukufika, kwa kuwa upande ule ndio uliokuwa bondeni. Na mguu huo huo ndio ukanyagao breki ya nyuma. Ulipoondoka, mkono ukafanya kama ulivyozoea, ukaikamata breki ya mbele, hali gurudumu limepindwa. Mara tukawa chini kama gunia la mahindi, mbele ya watoto waliokuwa wakitoka shule.

Watoto wakacheka. Sisi tulipata nundu kichwani, maana kutoka kitini hata mawe ya chini ni mbali ya kutosha kupasua kichwa, ingawa pikipiki imesimama. Lakini mjomba alilaliwa na pikipiki, na muundi wake wa kulia ukagusa bomba la moshi, lililokuwa moto kwa safari yote ile. Akasema, "Mpwa wangu, barabara ya Bunda hukuniangusha, umekuja kuniangusha mlangoni pangu?" Hatukuwa na jibu.

Jirani mmoja, kwa wema wake, alileta dawa ya meno ili apake jeraha. Tulimzuia, na hilo ndilo jambo moja tulilolifanya vizuri siku ile. Kilichounguzwa hupozwa kwa maji safi yasiyo ya barafu, yakimiminwa polepole kwa muda wa dakika 20; hakipakwi dawa ya meno, wala mafuta, wala majivu, na malengelenge hayatumbuliwi. Kisha mgonjwa apelekwe zahanati.

Sasa tueleze sababu. Pikipiki ikienda kasi, mwendo wenyewe huisaidia: ikiinama kidogo, kupinda sukani kidogo tu huyarudisha magurudumu chini ya uzito. Ikienda polepole msaada huo hupungua, nayo huwa kama fimbo iliyosimamishwa juu ya kiganja. Chombo chenye kilo zaidi ya 100, pamoja na watu wawili, kikipita mahali pake, mguu wa mtu hauwezi kukizuia. Na breki ya mbele, iliyo bora kuliko zote njia ikiwa imenyooka, ikikamatwa kwa nguvu hali sukani imepindwa, huitupa pikipiki upande ule ule iliopindiwa.

Kwa hiyo, ukitaka kugeuza, kwanza mshushe abiria, naye ashukie kushoto, maana pikipiki nyingi za kwetu zina bomba la moshi kuliani. Tazama ardhi yaelekea wapi kabla hujaanza. Kisha tia gia ya kwanza, shika mafuta kidogo pasipo kuyabadili-badili, acha klachi nusu, na mwendo uupunguze kwa breki ya nyuma tu. Macho yatazame uendako; atazamaye gurudumu lake huanguka hapo hapo alipotazama. Usitundike kitu sukanini. Kofia yetu ilibanwa kati ya sukani na goti tulipopinda, na hatujui kama tusingeanguka isingalikuwapo.

Habari ya kofia ina mfano mkubwa. Mwaka 1935 Mwingereza mmoja mashuhuri, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki pasipo kofia, akafa baada ya siku chache. Daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomtibu, akaanza kuchunguza vichwa vya wapanda pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akaandika kuwa kofia zaokoa maisha. Uchunguzi mwingi uliokusanywa na kutolewa mwaka 2008 ulionyesha ya kuwa kofia hupunguza vifo vya waangukao kwa kadiri ya 42 katika 100.

Sisi tumerudi kujifunza. Jumapili jioni, uwanja wa mpira ukiwa mtupu, twapanga mawe mawili na kuyazunguka kwa mfano wa tarakimu 8, mwendo wa kobe. Vijana wa bodaboda wapitao Musoma hutucheka; wawili wamekwisha jaribu, na mmoja akaanguka.

Mjomba alikaa majuma matatu pasipo kwenda shamba, nayo ilikuwa siku za kupanda. Sasa hupanda nasi tena, lakini tukikaribia kwake hutugonga begani na kusema, "Nishushe hapa penye mwembe." Hushukia kushoto, akaenda kwa miguu.