Pasipoti, Viza na Mhuri: Nani Humruhusu Msafiri?

Katika kikao kimoja cha Chama cha Kiswahili muhula uliopita palizuka ubishi mkali. Mwenzetu mmoja aliuliza: mtu akiwa na pasipoti, na viza amekwisha kupewa, je, ameruhusiwa kuingia nchi anayoiendea? Wengi walipaza sauti, "Ndiyo! Sasa viza ni ya nini?" Kengele ya kwenda nyumbani ililia kabla ubishi haujesha, na kwa kuwa shule yetu ni ya kutwa, kila mtu alishika njia yake. Nami nikaahidi kwamba jibu litatoka katika jarida. Basi jibu ndilo hili: la, bado hajaruhusiwa.

Ruhusa ya safari hutoka katika mikono mitatu. Mkono wa kwanza ni wa nchi yako mwenyewe, ambayo hukupa pasipoti ili kusema, "Huyu ni wetu." Mkono wa pili ni wa ubalozi wa nchi unayoiendea, ambao hukupa viza. Neno hili asili yake ni Kilatini, na maana yake ni karatasi iliyokwisha kuonwa. Yaani karatasi zako zimeonwa, na unaweza kwenda kubisha hodi. Mkono wa tatu ni wa afisa wa uhamiaji anayeketi uwanja wa ndege au mpakani, na huyu ndiye afunguaye mlango. Akiona kwamba maelezo yako hayalingani na viza yako (mathalan viza ni ya matembezi, na wewe mfukoni una barua ya kuanza kazi), anaweza kukurudisha kwa ndege iyo hiyo.

Mambo haya si ya kale sana. Umbo la kijitabu cha pasipoti tulijualo lilikubaliwa katika mkutano uliofanyika Paris mwaka 1920 chini ya Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa. Ajabu ni kwamba miaka iyo hiyo, hapa kwetu, wanaume Waafrika walikuwa wakilazimishwa kuvaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma, hata kwa kutoka hapa kwenda pale ndani ya nchi yao. Hata leo wazee wengi wakisema "kipande" wana maana ya kitambulisho.

Sasa tuje kwenye mfano. Shangazi yangu ana mwanawe anayefanya kazi Hamburg, Ujerumani. Mwaka mmoja alialikwa kwenda huko wiki tatu, mwezi wa Agosti, kumwona mjukuu wake wa kwanza. Pasipoti yake ilikuwa imalizike tarehe 30 Oktoba. Dalali mmoja wa mjini akamwambia, "Mama, wewe utarudi tarehe 24 Agosti. Pasipoti itabaki na miezi miwili mizima. Usiwe na wasiwasi." Akachukua pesa zake za kumjazia fomu.

Hebu tupige hesabu ambayo dalali hakuipiga. Ujerumani ni mojawapo ya nchi 29 za Ulaya zilizo katika mapatano ya Schengen (hilo ni jina la kijiji cha Luxembourg mapatano yalikotiwa sahihi mwaka 1985). Sheria yao yasema pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu baada ya siku utakayotoka kwao. Kutoka 24 Agosti miezi mitatu ni 24 Novemba. Tarehe 30 Oktoba haifiki huko. Tena iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa mbili zilizo wazi. Ombi la shangazi halikusomwa hata kidogo. Ilibidi apange foleni kutafuta pasipoti mpya, pesa za dalali zikapotea, na alipofika Hamburg ilikuwa Desemba, mjukuu amekwisha kuota meno mawili. Nchi nyingine hutaka zaidi, miezi sita, kwa hivyo anayetaka kusafiri na aitazame kwanza tarehe ya mwisho katika pasipoti yake kabla ya kununua hata sanduku.

Viza ilipotoka aliniita niisome. Iliandikwa kuanzia 1 Desemba hadi 5 Januari. Akafurahi akasema, "Mwanangu, kumbe wamenipa mwezi mzima na zaidi!" Hapa ndipo watu wengi hunaswa. Karatasi ya viza ile ina mambo matatu. Kuna tarehe mbili, ambazo ni dirisha la kusafiria tu. Kuna muda wa kukaa, na wa shangazi ulikuwa siku 21. Halafu kuna idadi ya kuingia, ambayo kwake ilikuwa 1. Maana yake ni kwamba angeweza kuingia siku yoyote ndani ya zile tarehe, lakini akishaingia anahesabu siku 21, na siku ya kufika na siku ya kuondoka zote zahesabiwa. Akikaa hadi siku ya 22 amevunja sheria, ijapokuwa tarehe 5 Januari haijafika. Na kwa kuwa ni kuingia mara moja, akivuka kwenda Uingereza kusalimia mtu, kwanza atahitaji viza ya Uingereza, kwani Uingereza haimo katika Schengen, kisha kurudi Hamburg hawezi tena.

Hata mwenye viza ndefu hupewa kikomo: siku 90 katika kila siku 180. Nchi zote 29 huhesabiwa kama nchi moja, kwa hiyo mtu hawezi kumaliza siku 90 Ujerumani akahamia Ufaransa aanze moja. Zamani walihesabu kwa mihuri ya pasipoti. Tangu Oktoba 2025 wameanza kuandikisha alama za vidole na picha ya uso katika kompyuta, na kompyuta haikosei hesabu.

Karatasi nyingine zinazotakiwa ni taarifa ya benki, tiketi ya kwenda na kurudi iliyowekwa, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na mahali pa kulala. Shangazi hakulala hotelini. Mwanawe alikwenda kwenye ofisi ya wageni ya mji wake akatia sahihi hati ya kumdhamini kwa gharama zote. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na viza ikikataliwa ada hairudi. Ombi hupelekwa mapema kadiri ya miezi sita, na si chini ya siku 15 kabla ya safari.

Je, kwa nini maswali yote haya kwa mtu anayekwenda kutembea tu? Jibu lililo wazi kabisa limo katika sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b). Kwa kifungu hicho, mwombaji wa viza ya matembezi huhesabiwa kuwa anataka kuhamia Marekani mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kwamba sivyo. Mimi naona ni kama kubisha hodi kwa watu ukaambiwa uthibitishe kwanza kwamba hutalala. Lakini ukishaijua sheria hiyo, karatasi zote zinaeleweka. Barua ya likizo kutoka kazini, watoto walioko shuleni, duka, shamba, vyote hivyo vyajibu swali moja: ni nini kitakachokurudisha nyumbani? Mtu aweza kuwa na pesa nyingi benki akanyimwa, maana pesa huenda popote.

Kuna pia kadi ya njano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, basi nchi kama Afrika Kusini, ambayo tangu Januari 2023 haimdai Mkenya viza kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka, bado humwuliza kadi hiyo. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchomwa jioni ya kusafiri hakusaidii. Tangu Julai 2016 sindano moja yatosha maisha.

Karibu na nyumbani mambo ni mepesi. Tangu 2014 Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Tanzania haidai viza, ila inataka pasipoti au hati ya muda ya Afrika Mashariki. Pale Namanga maafisa wa nchi zote mbili huketi pamoja: anayekwenda Arusha hulipita jengo la Kenya, na katika jengo la Tanzania hugongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia. Hata wageni wajao kwetu wamebadilishiwa utaratibu. Januari 2024 Kenya iliacha viza ikaweka kibali cha kielektroniki, ingawa mgeni anayejaza fomu na kulipa ada kabla ya kupanda ndege pengine haoni tofauti kubwa.

Sisi wa miaka 16 hatuna kitambulisho, kwa hivyo habari za kitambulisho hazituhusu bado. Pasipoti ya aliye chini ya miaka 18 hutaka idhini ya wazazi, nakala za vitambulisho vyao, na cheti cha kuzaliwa. Nasema cheti chenyewe, wala si ile karatasi ya hospitali ambayo wengi wetu tumehifadhiwa na mama zetu kabatini. Mwenye kutazamia safari ya likizo ya Desemba na aanze kukitafuta sasa.