SOMO LA SAFARI YA KULALA KHEMANI KANDO YA ZIWA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Jua, ewe msomaji, ya kuwa safari hutanguliwa na mambo mawili kabla ya mguu kuondoka: nia na matengenezo. Asiyeyaweka sawa haya nyumbani kwake huenda akaharibu sala yake, na pengine akaangamiza watu wake. Mfano wake ni jamaa wa Kiegei, katika Nachingwea, wanaoazimia kwenda na watoto kupiga khema kando ya ziwa Tagalala, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa na Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Ni mahali pa upweke: hapana duka, hapana msikiti, wala hapana tabibu karibu.

MAS'ALA YA KWANZA: Kujua mwendako na siku za kukaa.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, msafiri hupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kwa rakaa mbili mbili ikiwa safari yake si ya maasi, ikafikia marhala mbili, nazo ni kama kilomita 81 au zaidi kidogo. Matembezi ya kupumzisha nafsi si maasi, na Tagalala ni mbali zaidi ya kipimo hicho. Lakini ni sharti akusudie mahali maalumu. Mwenye kusema, "Tutajua huko mbele," hana ruhusa hiyo.

Tena ahesabu siku. Akinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imekatika pale anapofika, naye atatimiza sala. Akifika Jumamosi na kunuia kuondoka Jumatano, siku kamili ni tatu: atapunguza. Akinuia kuondoka Alhamisi, zimekuwa nne: atatimiza.

Na wakati uchaguliwe. Tangu Machi hata Mei ni masika, na njia za hifadhini huharibika kwa maji. Wakati mwema ni Juni hata Oktoba. Ruhusa na mahali pa kambi hutafutwa mapema kwa Shirika la Hifadhi za Taifa, wala haingojwi hata jua likachwa langoni.

MAS'ALA YA PILI: Kumweka mkubwa wa safari.

Mtume (S.A.W.) ameagiza ya kuwa watu watatu wakitoka safarini wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Huyu ndiye atakayeshika masurufu, atakayesikiza maneno ya askari wa hifadhi, na kila magharibi atakayehesabu watoto. Neno lake lifuatwe, kwani mbele ya mnyama mkali hapana nafasi ya kushindana.

MAS'ALA YA TATU: Mahali pa kupiga khema.

Imekatazwa na Mtume (S.A.W.) kulala juu ya njia, kwa sababu usiku ni mapito ya wanyama na makimbilio ya wadudu wenye sumu. Hekima yake yaonekana wazi Tagalala. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, na hurudi kwa njia ile ile. Akimkuta mtu kati yake na maji, humwua. Basi khema isipigwe ukingoni wala juu ya mapito yao. Na kabla ya kulala, vyombo vifunikwe na moto uzimwe, kama ilivyoagizwa, ila ukiwapo mtu wa kukesha nao.

MAS'ALA YA NNE: Maji.

Maji ya ziwa ni tohara, hata rangi ikigeuka kwa udongo au majani. Lakini Tagalala ina mamba wengi, na kujitupa katika maangamizo ni haramu. Kwa hiyo maji yachukuliwe katika madebe. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha mudi, nacho hakifiki lita moja. Basi mtu akitawadha mara tano, lita tano zamtosha kwa siku; na watu sita, lita 30, mbali na ya kunywa na kupikia. Yakibaki ya kiu tu, yawekwe ya kunywa, na watu watayamamu kwa udongo safi wenye vumbi, kila faradhi kwa tayamamu yake, baada ya kuingia wakati. Wala mtu asikojoe katika maji yaliyosimama. Ni makuruhu, na kichocho huenea kwa njia hiyo.

MAS'ALA YA TANO: Kibla.

Huko, kama Kiegei, kibla ni kaskazini, kwa kupinda kidogo sana upande wa mashariki. Jua likichwa, mwenye kusali aliweke mkono wake wa kushoto.

KHATIMA: Imeonekana basi ya kuwa sheria na usalama hutembea pamoja. Aliyehesabu siku zake amejua sala yake na chakula chake. Aliyepima maji amehifadhi udhu wake na mtoto wake asikaribie mamba. Tahadhari kabla ya hatari, kisha kutawakali.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.